Vigingi Vyeupe vya Mnalawe

12 Januari 1971

Nimefika, na nimefika na hasira. Lori la ushirika liliondoka Mtwara saa mbili asubuhi na kutufikisha Mnalawe alasiri, kwa sababu dereva alisimama kila penye mtu wa kusalimiana naye, na huku kila mtu ni wa kusalimiana naye. Nimekalia gunia la chumvi njia nzima, vigingi arobaini vikiwa juu ya miguu yangu.

Niandike kwa nini nipo hapa, ili siku nikijuta nisimsingizie mtu. Nimemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Chuo cha ualimu kinafunguliwa Julai, na kinataka barua ya mwenendo kutoka kwa mtumishi wa serikali niliyefanya naye kazi. Wenzangu wamerudi makwao kusubiri. Mimi nimejitolea. Mama amenitumia ujumbe kutoka Masasi kwamba msichana aliyemaliza shule hukaa nyumbani akasubiriwa na wachumba, hasubiri yeye. Sikujibu.

Kazi ni mbili. Alfajiri natembea ufukweni kutafuta viota vya kasa. Nikikiona napigilia kigingi cheupe, naandika namba na tarehe kwa rangi nyeusi, kisha naingiza kwenye daftari kubwa la mradi. Alasiri nafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika ghala la korosho, ambalo sasa ni tupu mpaka msimu.

Mwenye mradi ni Ndugu Athumani, bwana samaki wa serikali mjini. Aliponikabidhi vigingi aliniambia, "Rozalia, kitu kisicho na namba hakilindiki." Maneno hayo nimeyaandika ndani ya jalada la daftari hili.

Nalala kwa Mzee Shaibu, balozi wa nyumba kumi. Mkewe, Bi Zuhura, ameniuliza kama ni kweli sisi watu wa bara tunakula panya. Nimemwambia ni kweli, na kwamba nimekuja kuwahesabu wa kwao. Amecheka mpaka akakaa chini. Nadhani tutapatana.

14 Januari

Ndugu Athumani amekuja kwa pikipiki kuhutubia. Alisema vizuri. "Kasa ni mali yenu, si mali ya mzungu wala ya mjini. Mradi utawaonyesha mali hiyo ilipo, na huyu mwalimu ndiye mradi." Watu wakapiga makofi. Nami nikajiona mtu.

15 Januari

Wanafunzi kumi na wanne. Wanawake tisa, wanaume watano. Mwanamke mmoja, Mwasiti, ni mjamzito na anashika herufi haraka. Mwanaume mmoja, Jumanne, mvuvi na mkulima wa muhogo, anashika chaki kana kwamba itamkimbia.

19 Januari

Kiota cha kwanza! Alama za kasa zinapanda kutoka majini mpaka karibu na mivinje, pana, zenye meno pande mbili, kama zile matrekta ya Nachingwea yalizokuwa yakiacha barabarani nilipokuwa mdogo. Jumanne alikuwa akipita na nyavu zake, akanisaidia kupigilia kigingi. "Hii ni moja," akasema, akaipapasa namba kwa kidole. "Na hizi nyingine?" Nikamwambia ndiyo tarehe, tutafika huko.

27 Januari

Mvua. Ghala linavuja upande wa wanawake. Tumehamia wote upande wa wanaume.

2 Februari

Leo nimeona jambo. Nilitoka mapema kuliko kawaida, na mbele yangu, mbali kidogo, kulikuwa na bibi kizee akifagia ufukwe. Si uwanja wa mtu, ufukwe! Ameshika kuti kavu la mnazi, anarudi kinyumenyume, anafagia mchanga mpaka ukingo wa maji. Nilipokaribia akaweka kuti begani kama kuni akaondoka. Shikamoo yangu ameijibu bila kugeuka.

Bi Zuhura anasema ni Bi Mwanaamina, mama yake Mwasiti. "Kila mtu na lake," akaongeza, akabadilisha mazungumzo kwa haraka mno.

6 Februari

Idi. Nimelishwa nyumba sita. Siwezi kuandika.

10 Februari

Namba sita imechimbwa. Shimo tupu, maganda mawili matatu, kigingi kimelala ubavu. Nilisimama pale na futikamba mkononi nikalia kama mtoto. Kilikuwa na mayai mia na kumi na tatu.

11 Februari

Bi Mwanaamina tena, na kuti lake. Nilipofika alipofagia sikuona alama hata moja. Mchanga safi kama kitanda kilichotandikwa. Mtu mwema anafuta nini alfajiri?

16 Februari

Namba nane imechimbwa. Namba tisa pia. Darasani, wiki mbili sasa, tunasoma tarehe na miezi. Jumanne anapaza sauti kuliko wote. Huyu angesoma mapema angekuwa mtu mkubwa.

20 Februari

Nimejificha nyuma ya mivinje nikamwona kwa macho yangu. Kasa alipanda, alama zake zilikuwa bado mbichi, Bi Mwanaamina akazifagia zote, kutoka juu mpaka majini. Sikumwona akichimba, lakini mwizi hafuti nyayo kabla hajajua atarudi saa ngapi. Keshokutwa Ndugu Athumani anakuja. Nitasema.

22 Februari

Nimesema. Mzee Shaibu aliita watu, Ndugu Athumani akakaa kwenye kiti, Bi Mwanaamina akakaa chini kwenye mkeka wake mwenyewe aliokuja nao. Ni mwembamba, mrefu, ana macho ya mtu aliyezoea jua.

"Bi Mwanaamina," Mzee Shaibu akauliza, na sauti yake haikuwa ya balozi, ilikuwa ya jirani, "mwalimu anasema amekuona unafuta alama za kasa. Ni kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini, mama?"

Akanyoosha pindo la mkeka. Watu wakasubiri. Mwishowe akasema, "Nafagia tu."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Ufukwe wote huo bibi, unangoja wageni?" Ndugu Athumani hakucheka. Alisema viota vimeharibiwa, ushahidi upo, na mtu asiyejieleza anajishitaki mwenyewe. Wakaamua asivuke mivinje kwenda ufukweni mpaka msimu uishe.

Akainuka, akakunja mkeka wake. Alipopita mbele yangu alinitazama, si kwa chuki. Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyeacha mlango wazi mvua ikinyesha. Sikuelewa. Usiku huu najiambia nimefanya haki, na najiambia mara nyingi mno.

23 Februari

Mwasiti hakuja darasani.

24 Februari

Hakuja.

1 Machi

Wiki moja, viota saba vipya! Tangu Bi Mwanaamina azuiwe, ufukwe umekuwa kitabu kilichofunguliwa. Ndugu Athumani ameniletea vigingi vingine kumi na barua ya pongezi. Ameahidi barua yangu ya chuo ataiandika kwa mkono wake mwenyewe, msimu ukiisha.

2 Machi

Watoto wameshamtungia Bi Mwanaamina wimbo. "Mla mayai, fagia, fagia." Mpaka mtoto wa mlango wa pili anauimba, naye hata meno hayajamtoka yote. Bi Zuhura alimchapa kofi, kisha akanitazama mimi.

5 Machi

Ruvuma imefurika. Maji ya bahari yamekuwa rangi ya chai ya maziwa mpaka huku kwetu. Wanasema kiboko ameonekana baharini. Muhogo wa mabondeni umeoza wote, pamoja na shamba la Jumanne. Mkewe, Mwaisha, amekuja kwa Bi Zuhura kuomba unga, akasimama mlangoni muda mrefu kabla ya kusema alichokuja kusema.

8 Machi

Katika viota saba vya wiki ile, vitano vimechimbwa. Vitano! Bi Mwanaamina hajatoka nyumbani kwake. Mzee Shaibu mwenyewe anaapa. Basi ni nani?

Naandika swali hili halafu nalikwepa. Nitalala.

14 Machi

Vipya vya wiki hii navyo vimechimbwa vyote. Mvua. Sina hamu ya kula.

17 Machi

Leo nimejua.

Nilizunguka ufukwe wote na daftari kubwa, nikasimama mbele ya kila kigingi. Namba nne, ya mwisho wa Januari, haijaguswa. Namba tano, haijaguswa. Kumi na moja, haijaguswa. Kila kilichochimbwa, kilichimbwa siku mbili au tatu baada ya tarehe iliyoandikwa. Ukishapita wiki, hakuna anayekigusa. Mwizi alikuwa anachagua, na hakuna mahali pengine pa kuchagulia ila kwenye mwandiko wangu.

Alasiri niliandika tarehe kumi ubaoni, nikauliza ipi ni ya karibuni. Mikono saba ikainuka, wa Jumanne wa kwanza. Darasa lilipoisha nikamwomba abaki.

"Jumanne, mayai ya kasa unakula?"

"Nakula, mwalimu. Nani hali?"

"Ya kwenye vigingi vyangu?"

Hakutafuta pa kukimbilia. Alinijibu kwa furaha kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwalimu, zamani tulikuwa tunachimba kwa kubahatisha. Unaona alama, hujui ni za jana au za juzi, mvua imepita juu. Unachimba, unakuta yai lina damu, hata paka hali. Unaharibu bure, dhambi. Sasa tarehe imeandikwa. Mtu anachukua la juzi, la zamani analiacha. Mimi nikasema, naam, ndiyo maana ya mradi."

"Ndugu Athumani alisema tuwalinde!"

"Alisema mali yenu, na mradi utawaonyesha ilipo." Akanyoosha mkono kuelekea baharini. "Nikaonyeshwa."

Nilitaka kumpiga na rula ya ubaoni. Kisha akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Ile ya kumi na moja mwezi wa tatu niliisoma peke yangu, mwalimu. Mwaisha alikuwa anashuhudia. Watoto walikula siku ile."

Nikakaa kwenye gunia. Nililia, naye akasimama pale hajui afanye nini na mikono yake. "Ungeniambia mapema ni haramu kwako," akasema, "mbona ningeacha? Naacha leo. Ila mwalimu, siyo mimi peke yangu. Darasa zima sasa linasoma."

18 Machi

Nimemweleza Bi Zuhura yote tukimenya ming'oko, viazi vya porini. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye habari ya Bi Mwanaamina, nikasema sasa sielewi yule bibi alikuwa anafagia nini, kisu chake kikasimama.

"Mwanangu Rozalia, nyuma ya nyumba yake kuna makaburi sita. Mafupi. Umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona.

"Watoto sita. Hakuna aliyefikisha siku arobaini. Wa saba ni Mwasiti." Akamenya mng'oko mwingine mzima kabla ya kuongeza. "Sisi wanawake tunajua anachofanya. Hatusemi. Ukitaka mengine, kamuulize mwenyewe, kama una uso wa kwenda."

Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimebeba taa mchana kweupe nikijisifu kwamba naona.

19 Machi

Nilikwenda. Nilijiambia nisikae muda mrefu, nikakaa mpaka adhuhuri.

Alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Mwasiti aliponiona akaingia ndani, tumbo lake sasa linaonekana kwa mbali. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikasema shikamoo, nikasema nimekosa, nikasema maneno mengine mengi niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha na yote yakatoka vibaya.

"Marahaba. Inuka, ntoto wa watu, utachafua kanga ya Zuhura." Akanisogezea kigoda. Ananong'oneza zaidi ya kusema. "Umeshajua?"

"Nimejua kuwa si wewe, bibi. Kwa nini hukusema? Pale mbele ya watu, ungesema tu unawaficha!"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi, na mgumu. "Ningesema nafagia kuficha kiota, kesho wangefuata palipofagiwa. Si ndivyo?"

Ndivyo.

Akasuka kidogo. Halafu akanieleza, bila kunitazama, kana kwamba anausimulia ukili. Siku alipomzika wa sita, hakurudi nyumbani, akashuka pwani akakaa. Akakuta watu wanachimba kiota, na kasa mwenyewe yuko pale anarudi majini, taratibu, hageuki. Anataga mia, hajui kama atabaki hata mmoja, na mwakani anarudi kutaga tena. "Nikasema, Mola wangu, yule hakulalamikii. Mimi nalalamika. Nipe mmoja tu akae, na mimi wa kwake nitawafichia, maadamu wangu yu hai." Mwaka uliofuata akazaliwa Mwasiti. Leo Mwasiti ana miaka ishirini na mitatu.

"Na sasa nimekuzuia," nikasema.

"Umenizuia. Na ntoto wangu yu karibu kuzaa." Kwa mara ya kwanza akauweka ukili chini. "Nnajua Mungu hadai kama muuza duka. Nnajua. Lakini usiku silali, Rozalia. Nimeahidi, na siifanyi."

Hapo nilisema bila kufikiri, "Nitaifanya mimi."

Mlangoni Mwasiti alikuwa amesimama. Sijui alisimama tangu lini. Akasema, "Basi mfundishe kufagia, mama. Huyu nimemwona anavyofagia ghala. Anachimba."

20 Machi

Nimeng'oa vigingi vyote. Thelathini na moja. Nimevirundika nyuma ya jiko la Bi Zuhura, naye hakuniuliza.

22 Machi

Bi Mwanaamina hawezi kuvuka mivinje, lakini hakuna aliyemkataza kukaa chini yake. Anakaa pale na ukili wake, mimi nafagia, yeye anakohoa. Akikohoa mara moja nimekosea. Akikohoa mara mbili nimekosea sana.

Kumbe si kufagia tu. Ukifagia sana, mchanga unang'aa na mtu anajua. Lazima upitishe kuti kwa wepesi, upepo umalizie. Na kiota chenyewe hukitafuti kwa macho, unakanyaga kwa kisigino mpaka unasikia mchanga uliolegea. Yeye hesabu zake anaziweka kwenye kamba, fundo moja kiota kimoja. Mimi nilimwomba ruhusa ya kuandika humu.

"Andika," akasema. "Usiandike wapi."

26 Machi

Namba sina tena. Mafundo ni matano.

28 Machi

Mwasiti amerudi darasani. Amekaa mbele.

3 Aprili

Jumanne amenipita alfajiri ninafagia. Akasimama, akanitazama mimi, akamtazama bibi chini ya mivinje. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake kwenye nyavu. Kutwa nzima nimekuwa na hofu.

4 Aprili

Hakuna kilichochimbwa.

11 Aprili

Pasaka. Nimesali peke yangu, nikaimba peke yangu. Bi Zuhura alinisikia akadhani naumwa tumbo.

19 Aprili

Mafundo kumi na moja. Mvua inapungua.

25 Aprili

Mambo hayajaisha kama nilivyojidanganya. Maulidi ni tarehe saba. Bi Mwanaamina ndiye mshika sufuria kubwa ya pilau ya maulidi ya hapa tangu kabla mimi sijazaliwa. Hakuna anayeonja kabla yake. Mwaka huu wamekaa wakaamua sufuria apewe mwingine. Hawakumwambia. Walikwenda kwake kuichukua tu, na yeye akaitoa, imesuguliwa tayari.

"Sufuria ya maulidi haishikwi na mwizi," amesema mzee mmoja. Na wanawake wanaojua ukweli wamenyamaza, kwa sababu ukweli wakiutoa, viota vimekwisha. Nimemwambia bibi nitasema kila kitu, liwalo na liwe. Amenikatalia kwa ukali. "Sufuria ni shaba. Kiota ni ahadi."

Mdomo wangu ndio uliomponza. Sasa siwezi kumsafisha kwa kusema kweli.

29 Aprili

Kama si kwa kweli, basi kwa kitu gani?

3 Mei

Ndugu Athumani amekuja kukagua. Niandike yote, kwa sababu mengine nikingoja nitayapamba.

Alishuka ufukweni na daftari kubwa, akatembea nusu saa, akarudi uso umemvimba. Watu walishakusanyika ghalani. "Rozalia, vigingi viko wapi?"

"Nimevipikia, ndugu."

"Umefanya nini?"

"Nimevipikia. Mvua ilikuwa nyingi, kuni zililowa. Namba kumi na saba iliivisha ming'oko." Nilisikia kicheko kimoja kwa nyuma, kikakatika. Vigingi kweli vilipikiwa, Bi Zuhura hakuacha hata kimoja, lakini sikupenda sauti yangu nilivyoisikia.

Kabla hajanijibu nikasimama. Nikasema, "Nina neno jingine. Mwezi wa pili nilisema nimemwona Bi Mwanaamina akifuta alama. Sikumwona. Nilisema uongo. Viota viliharibika kwa uzembe wangu, nikaogopa, nikatafuta wa kumtwisha, nikaona bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Naomba radhi kwake na kwenu."

Bi Mwanaamina alikuwa amekaa karibu na mlango. Alifungua mdomo. Nikamtazama kwa nguvu zangu zote, nikamwomba kwa macho, nyamaza, bibi, nyamaza kama ulivyonyamaza siku ile. Akaufunga.

"Lakini mwenyewe alikiri," Ndugu Athumani akasema. "Aliulizwa, akasema kweli."

Ni Mzee Shaibu aliyeinua mkono. "Aliulizwa na balozi, ndugu, mbele ya mkutano, na serikali imekaa kwenye kiti. Mtu mzima wa hapa hawezi kumwita mgeni wetu muongo mbele ya wageni. Akakubali ili yaishe." Akanitazama, na nikajua kwamba Bi Zuhura haweki siri chumbani mwake. "Mimi namfutia Bi Mwanaamina. Avuke mivinje atakavyo."

Ndugu Athumani si mtu mbaya. Alikuwa na huzuni alipofunga daftari. Alinichukua pembeni akaniambia, "Nilikuamini. Sitakushitaki popote. Lakini nitaandikaje mwenendo wa mtu aliyedanganya kwenye daftari la serikali na kuchoma mali yake? Barua sina."

Nikasema naelewa. Nilielewa kweli. Pikipiki yake ilipotokomea nilichukua ufagio nikafagia ghala zima.

4 Mei

Watoto wana wimbo mpya, nao ni wangu. Una vina vizuri kuliko wa kwanza.

7 Mei

Maulidi. Sufuria imerudi kwa mwenyewe. Mimi nimepewa kazi ya kupuliza moto, kazi ya watoto. Pilau ilipoiva Bi Mwanaamina akaonja, akatikisa kichwa, akaongeza chumvi, akaonja tena. Kisha akaniletea kijiko, wa pili baada yake, mbele ya wanawake wote. Hakusema kitu. Nilimeza pilau pamoja na machozi, ikazidi chumvi.

18 Mei

Fundo la kwanza! Tulikuwa wawili, jua halijatoka, mchanga ukaanza kutetemeka kama maji yanayotaka kuchemka. Kichwa kimoja, kisha vingine, kisha wote wakamwagika, weusi, wadogo kama kiganja cha mtoto, wakishindana kwenda majini. Nilitaka kuwahesabu, mkono ukaenda mfukoni kutafuta penseli.

"Wacha," akasema bibi. Tukawatazama tu. Walipokwisha kuingia majini akanipa kuti moja, akachukua jingine, tukafagia.

24 Mei

Mwasiti amejifungua salama, mtoto wa kiume. Bibi yake amekataa kumsifia kwa sauti. Anasema analia vibaya.

2 Juni

Mafundo yaliyofunguka ni tisa kati ya kumi na moja. Mawili yalichukuliwa na maji makubwa ya bamvua, si na mtu.

9 Juni

Kesho naondoka. Nitakwenda Masasi kwa Mama, nimwambie chuo basi. Amenisubiri vya kutosha, ajue angalau nimerudi. Sijui nitafanya nini mwakani. Jioni nimechukua wino nikapaka kurasa tatu za daftari hili, zile za mwisho wa Machi ambako, kwa ujinga, nilikuwa nimeandika wapi.

10 Juni

Naandika juu ya lori, mwandiko utanisamehe.

Walinisindikiza wote kumi na wanne. Jumanne akanipa bahasha iliyotengenezwa kwa karatasi ya sukari, akasema nisome njiani. Sikuweza kungoja hata tupite mnazi wa mwisho. Ni karatasi ya mistari, imeandikwa kwa mikono tofauti, kila mtu neno lake au mstari wake. Naona mwandiko wa Mwasiti, ulionyooka. Naona wa Jumanne, herufi kubwakubwa, amebonyeza mpaka karatasi imetoboka.

*Kwa mkuu wa chuo. Sisi ni watu wazima wa ghala la korosho Mnalawe. Mwalimu Rozalia alitufundisha kusoma. Barua hii tumeandika wenyewe, ni ya kwanza. Bwana samaki atakwambia mwalimu alisema uongo mbele ya watu. Ni kweli alisema, tarehe 3 mwezi wa 5. Sisi tulijua ni uongo tukanyamaza kwa sababu tunampenda. Mpe chaki.*

Chini yake majina kumi na manne. Nimeyasoma yote, na hakuna lililokosewa.

Chini kabisa, pembeni, mahali pasipo na mstari, kuna alama moja zaidi. Mwenyewe hakuwahi kuingia darasani, na jina lake halipo. Ni ya rangi nyeusi iliyobaki ya vigingi vyangu. Ni dole gumba la mtu aliyefagia miaka ishirini na mitatu bila kuacha alama popote. Amelibonyeza sana, mikunjo yote inaonekana, na rangi bado haijakauka. Nitaishika karatasi wazi kwenye upepo mpaka Mtwara, nisije nikaifuta.